Jicho la Kulwa Si la Kugawa

Binti yangu Milembe si mtu wa kubisha. Ukimwambia mvua inakuja, hata jua likiwa linawaka, ataanua nguo zake kambani na kunyamaza. Pale Dutwa wanawake wenzangu humsifu kwa hilo. "Mama Milembe, ulilea," huniambia gulioni. Siku hizi sifa hiyo inanichoma, maana nimeona ilikompeleka. Naandika habari zake mimi kwa sababu yeye hatazisema, na wale waliomfanyia wameshaanza kuzisimulia upande wao.

Alisoma mpaka darasa la saba, akarudi shambani kama wengi. Kipaji chake kilikuwa kuchambua pamba. Wengine tukichambua tunatupa mkono huku na huku, pamba safi inaingia kwenye fifi, ile chafu ya bei ya chini, fifi inaingia kwenye safi, mpaka mpimaji anatucheka mbele ya mizani. Milembe alishika kitita, akakigeuza mara moja, akajua doa liko wapi. Kwa vitu alikuwa na jicho kali. Kwa watu aliwaamini wote.

Aliolewa na Mashaka, mtoto wa marehemu Mboje, kijiji cha pili kutoka kwetu. Mashaka ni kijana wa kazi, sitamnyima haki yake. Halewi, na hajawahi kumwinulia mwanangu mkono. Lakini hawezi kuamua jambo mpaka amsikie baba yake mdogo, Athanasi. Huyo Athanasi ana pikipiki, ana simu kubwa, na aliwahi kukaa Dar es Salaam. Basi kwa ukoo ule amekuwa daktari, hakimu na bwana shamba.

Uzazi wa kwanza Milembe akajifungua mapacha wa kike, wanaofanana mpaka mimi bibi yao niliwafunga uzi mguuni nisikosee. Kwetu mapacha tunawaita mabasa. Wa kwanza kutoka ni Kulwa, wa pili ni Doto, hilo halina mjadala. Wakaja watu na ngoma, wakaimba yale matusi ya mabasa ambayo siku hiyo hayamkasirishi mtu, na wazee wakamkumbusha Milembe sharti: mabasa hawapishani. Ukimnunulia mmoja gauni, umnunulie na mwenzake. Ukimpa mmoja kipande cha muwa, kata na cha pili, kilingane. Milembe akalishika sharti lile kama amri. Nilimwona Doto akipewa dawa ya kikohozi, naye Kulwa mzima wa afya anaramba kijiko kilekile.

Walipokaribia miaka mitatu, nilikuwa nimekaa na Doto uani, pikipiki ikaingia na taa imewaka. Jicho la kulia la mtoto likarudisha mwanga, jeupe, kama la paka. Lile la kushoto halikufanya hivyo. Nikamgeuza usoni, nikamgeuza tena. Nikamwambia Milembe. Akaniambia wakwe zake wamesema ni uzuri, mtoto ana jicho la bahati. Nikamwambia, mayu, kama tunavyomwita kila mama kwetu, bahati haikai jicho moja. Niliendelea kumsumbua mpaka jicho lilipoanza kwenda upande na mtoto akawa anajigonga kwenye mlango. Hapo ndipo Mashaka alipokubali, tukaenda Bariadi, na kutoka Bariadi tukaandikiwa kwenda hospitali ya rufaa Mwanza.

Huko tukaambiwa ni saratani ya jicho, ile inayowapata watoto wadogo. Jicho lilikuwa limejaa. Wakalitoa ili ugonjwa usipite kwenye mshipa kwenda kichwani. Nilikaa na Milembe kwenye benchi. Hakulia kwa sauti. Alikuwa amempakata Kulwa mapajani, pamoja na nguo za Doto zenye damu.

Hapana, nimeandika vibaya. Kulwa hakuwepo. Tulimwacha nyumbani kwa bibi yake wa upande wa baba. Milembe alipakata nguo tupu. Hili la Kulwa kutokuwepo ndilo jambo lenyewe.

Daktari aliyemtibu Doto ni mama mmoja mfupi, anaitwa Zena. Siku ya kuruhusiwa alimwita Mashaka na Milembe, mimi nikasimama nyuma yao. Akasema: "Mmeniambia huyu ana pacha wake anayefanana naye. Huo ugonjwa unaweza kuwa kwenye damu yao wote wawili. Nileteeni huyo mwingine nimwangalie. Msisubiri aonyeshe dalili. Mleteni mapema."

Tulipofika nyumbani nikasema, basi wiki ijayo. Mashaka akasema pamba imepasuka, ikikaa shambani mvua itaichafua. Ilipokwisha pamba akasema: "Mwambie mama, Kulwa ni mzima. Mbona mnamtafutia ugonjwa?" Hakuniambia mimi, alimwambia Milembe ili anifikishie. Nikamwambia Milembe ambishie. Akachukua ndoo, akaenda kisimani. Pamba ikauzwa, mahindi yakavunwa, Kulwa anakimbia uani na macho yake mawili, na kila jioni mimi namuwashia tochi usoni mpaka akaanza kunikimbia: "Bibi ana tochi! Bibi ana tochi!" Sikuona weupe. Lakini tochi yangu ni ya gulioni, si ya hospitali.

Siku moja ya katikati ya wiki nilipita kwa Milembe nikaona magauni mawili ya kanisani yameanikwa kambani. Hakukuwa na sikukuu wala harusi. Macho yake yamevimba.

"Mnakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Hatuendi mbali."

"Milembe."

Akakaa chini, akaanza kuchora ardhini kwa kijiti. "Baba mdogo Athanasi amepata mtu. Ana duka la miwani, anajiita daktari. Anasema jicho linapandikizwa siku hizi, kama figo. Doto atapata jicho."

"La nani?"

Akaendelea kuchora.

"La nani, Milembe?"

"La Kulwa. Moja tu. Wanasema kwa mabasa linashika, kwa sababu ni mwili mmoja."

Nimezika mume, nimezika watoto wawili, lakini sijawahi kusikia neno kama lile. Nikauliza lini. Akasema kesho asubuhi, gari limeshaagizwa. Nikamuuliza yeye amesema nini. Akasema hakusema kitu.

Nikamfuata Athanasi palepale. Nilimkuta anapangusa pikipiki yake.

"Mwadila, mayu," akanisalimia, anatabasamu.

"Mwadila. Nasikia unagawa macho."

"Aa, mayu, umeshasikia! Ni jambo jema. Dunia imeenda mbele. Mtu anapewa figo, anapewa moyo. Jicho ni kitu gani? Mimi nimeona kwenye simu, mzungu amewekewa jicho la mtu mwingine, yuko anatembea."

"Alitembea kwa jicho au kwa miguu? Anaona?"

Akaanza kupangusa taa. "Hilo hawakuonyesha."

"Umemuuliza daktari aliyemtoa Doto jicho?"

"Wale wa serikali watakuzungusha. Huyu amesema tulete wote wawili, basi. Na wewe unajua mila. Mabasa hawapishani. Mmoja ana mawili, mwenzake ana moja. Huo ni mkosi kwa ukoo mzima."

"Haya, hesabu na mimi. Ukimtoa Kulwa moja ukampa Doto, Kulwa atabaki na mangapi?"

"Moja."

"Na Doto?"

"Mawili."

"Sasa wamelingana?"

Akatazama pikipiki yake. Kisha akasema, kama mtu aliyeokota jibu barabarani: "Kulwa ndiye mkubwa. Mkubwa humpa mdogo."

Mtoto wa miaka mitatu na nusu. Mkubwa kwa dakika ambazo hazikutosha hata mkunga kunawa mikono. Nikaondoka kabla sijamrushia kitu.

Nilijua kuongea hakutafaa. Mimi ni mama mkwe. Ng'ombe wa mahari walishatolewa, watoto ni wa ukoo wa Mboje, na kwenye kikao chao sina kigoda. Lakini kuna jambo moja ambalo mila imenipa, na kama wao walitaka kuishika mila, basi tuishike wote. Kwetu mwanaume humcha mama mkwe wake kuliko anavyomcha polisi. Hakai naye mkeka mmoja, hamshiki mkono, akimwona njiani anapisha majanini. Kumgusa ni aibu. Kumruka miguu akiwa amekaa ni jambo ambalo sijawahi kuona likifanywa, na likifanywa linataka ng'ombe na wazee.

Asubuhi kukiwa kumeshapambazuka, nikaingia nyumbani kwa Mashaka. Nalo hilo silo la kawaida, mama mkwe haingii ndani kwa mkwewe hovyo. Nikapita moja kwa moja mpaka mlango wa chumba walimolala watoto, nikaketi kizingitini, mgongo kwenye mwimo huu, nyayo kwenye mwimo ule. Nikajifunika kanga miguuni.

Mashaka alikuja kuwachukua watoto, akaniona, akarudi nyuma kama amekanyaga moto. Akatoka mpaka uani, akageukia ua, akanipa kisogo.

"Milembe," akaita, "mwambie mama asogee."

Milembe alikuwa amesimama katikati, na mimi nilikuwa nasikia kila neno. "Mama, anasema usogee."

"Mwambie sisogei."

"Anasema hasogei."

"Mwambie gari linakuja."

"Mama, gari..."

"Mwambie liko huru kuja."

Gari likaja kweli, mchomoko, yale magari madogo yanayopakia abiria wanane kwenye viti vya watano. Dereva akapiga honi, akapiga tena, kisha akaja kuchungulia. Alipoelewa akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama mkwe kakaa mlangoni? Jamani, mimi hapo simo. Nina mama mkwe wangu kule Nyalikungu, ananitosha." Akaondoka na abiria wengine.

Ndipo Athanasi akaja, amevaa koti. Yeye si mkwe wangu wa moja kwa moja, lakini ananipa heshima ileile, naye akasimama mbali.

"Mayu, unatuaibisha. Unamnyima mjukuu wako jicho."

"Namlinda mjukuu wangu jicho."

"Wewe umesoma mpaka wapi?"

"Mpaka pale walipofundisha kutoa na kujumlisha. Wewe siku hiyo ulikuwa mtoro."

Watu walikuwa wameshakusanyika uani, wakaguna, wengine wakacheka. Athanasi akakasirika. Akamgeukia Milembe, akanyoosha kidole: "Wewe ndiye mama yao. Mwondoe mama yako hapo, mtoe Kulwa. Au nikuondolee mimi?"

Milembe alikuwa anatazama chini. Nilidhani atanigeukia aniambie, mama, sogea. Kisha akainua uso, akamtazama Athanasi kwa namna ile anayotazama pamba.

"Baba mdogo," akasema, "wewe una macho mawili?"

"Swali gani hilo?"

"Unayo mawili. Yameona Dar es Salaam, yameona Mwanza, yameona mambo mengi. Toa moja la kwako umpe Doto."

Watu wakasogea karibu.

"Mimi ni mtu mzima," Athanasi akasema. "La kwangu haliwezi kumfaa."

"Nani alikuambia? Ulimuuliza yule wa miwani?"

Athanasi akaanza kufunga vifungo vya koti lake.

"Basi hujauliza," Milembe akasema. "Umempangia Kulwa jambo ambalo wewe hukuuliza. Kulwa haendi. Kama jicho linapandikizwa, aniambie yule aliyelitoa. Tutakwenda Mwanza, na wewe twende, ukamuulize mbele yangu." Halafu akamwambia Mashaka, ambaye bado alikuwa ametazama ua: "Na wewe geuka. Naongea na wewe."

Mashaka akageuka.

Sikutoka kizingitini mpaka nilipomwona Mashaka ameanza kufunga mabegi ya safari ya Mwanza.

Tulikwenda wote, na Athanasi na koti lake. Njia nzima kutoka Lamadi, tulipounganisha basi, alikuwa anamwonyesha Mashaka simu. Daktari Zena alitusikiliza mpaka mwisho. Niliona uso wake ukibadilika walipofika kwenye jicho la Kulwa, lakini hakupandisha sauti. Akachomoa waya wa chaja uliokuwa mezani, akautazama.

"Kuna kitu kinachopandikizwa," akasema. "Ni kile kioo cha mbele ya jicho, chembamba kama ganda la kitunguu. Kinatoka kwa mtu aliyefariki, na kinamsaidia mtu ambaye kioo chake kimeharibika lakini ndani ya jicho hakuna ubovu. Doto hana ndani. Jicho zima ni habari nyingine. Linaungana na ubongo kwa mshipa kama waya huu, ila wenye nyuzi nyembamba zaidi ya milioni moja. Ukishaukata, hakuna leo duniani anayejua kuuunga ukapeleka picha. Huyo mliyemwona kwenye simu ni kweli alipandikizwa, Marekani. Jicho limekaa, lina damu. Halioni."

"Kwa hiyo baadaye..." Athanasi akaanza.

"Baadaye huenda. Wanatafuta, na mimi naombea wapate. Lakini hata wakipata, mtu aliyepandikizwa hunywa dawa za kushusha kinga ya mwili ili mwili usikitupe kile kiungo. Kwa aliyetoka kwenye saratani, hiyo ni hatari. Na hakuna daktari, sikieni vizuri, hakuna daktari anayemtoa mtoto mzima jicho. Huyo aliyewaambia mumlete si daktari, na nitawapa namba ya kumripoti."

Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri tangu pamba ya mwaka jana. "Huyu Kulwa mwenyewe, mlishamleta nikamwangalia?"

Nikatikisa kichwa. Daktari akafungua faili, akatazama siku ile tuliyoruhusiwa ilikuwa lini, akatutazama sisi. Akamwita muuguzi.

Wakamtia Kulwa dawa ya macho, mboni zikapanuka, wakampa usingizi, wakaingia naye ndani. Doto alikaa mapajani mwangu akiuliza mwenzake yuko wapi. Wale wanaume walisimama dirishani. Milembe alisimama mlangoni, hakukaa kabisa.

Daktari Zena alipotoka alimwendea Milembe, siyo Mashaka.

"Ipo," akasema. "Jicho la kushoto. Ni vimbe mbili ndogo, ziko pembeni, hazijafika pale pa kuonea. Haziwezi kuonekana kwa tochi. Nitazichoma kwa mwanga, na atapata dawa ya kwenye mshipa. Nafasi ya kuliokoa jicho ni kubwa. La kulia halina kitu kwa sasa."

"La kushoto," Milembe akarudia.

"Ndilo yule wa miwani alilosema litolewe?" nikauliza. Nilimuuliza Mashaka, uso kwa uso, mila au si mila.

Mashaka akatikisa kichwa. "Alisema la kulia. Doto alitolewa la kulia."

Fikirini. Wangemtoa lile zima na kumwachia lenye saratani. Mtoto angebaki na jicho moja gonjwa, kwa jina la kulinganisha mabasa.

Na Athanasi, badala ya kufunga mdomo, akashusha pumzi akasema: "Mnaona sasa? Si niliwaambia mabasa hawapishani?"

Namshukuru Mungu nilikuwa nimempakata Doto, mikono yangu ilikuwa na kazi. Mashaka ndiye aliyemgeukia. Sikuwahi kumwona akimtazama baba yake mdogo namna ile. "Baba, nenda nyumbani," akasema. Athanasi akadhani ni utani. "Nenda. Nauli hii hapa. Nenda."

Akaenda. Huko Dutwa ameeleza kwamba yeye ndiye aliyewasukuma watoto hospitali, na wapo wanaompongeza.

Daktari alisema kitu kimoja zaidi, na nakiandika kwa wazazi watakaosoma. Kama Kulwa angeletwa siku ile alipoagizwa, huenda kungekuwa na uvimbe mmoja, au usiwepo kabisa wa kuonekana, na angechomwa bila dawa ya mshipani. Nywele zisingenyonyoka. Asingetapika ndani ya basi miezi ile yote, amelala miguuni kwangu, ananiuliza kama Doto naye anatapika. Milembe alikuwa amemwambia hapana, mwenzako alishamaliza. Kulwa akasema basi hii ni zamu yake. Mtoto wa sharti.

Matibabu yakaenda. Doto amepewa jicho la bandia, zuri, halioni na hakuna aliyemdanganya kwamba litaona. Analivua mwenyewe na kuwatisha watoto wa jirani, mama zao wanakuja kunilalamikia mimi. Vimbe za Kulwa zikasinyaa. Lakini daktari ametuambia ugonjwa huu huota tena, kwa hiyo ni lazima alazwe usingizi na kuangaliwa tena na tena, mpaka akue.

Mara ya mwisho tulipewa tarehe ikaangukia wakati wa kuchuma. Tulikuwa kwenye varanda ya hospitali, Mashaka akaitazama ile tarehe, akakuna shingo.

"Hapa tutaona," akasema. "Pamba itakuwa imepasuka."

Mimi nikafungua mdomo. Milembe akaniwahi.

"Pamba utaichuma wewe," akamwambia. "Ikinyeshewa, inyeshewe, tutauza fifi. Mimi na watoto tarehe hiyo tuko hapa."

Hakungoja jibu. Alimpandisha Kulwa mgongoni, akamshika Doto mkono, akashuka ngazi kwenda stendi, nasi tukamfuata.